Je, Kioo Kina Ukungu, au Macho Yamechoka?

Siku hizi kompyuta haipo mjini tu. Imefika kwenye zahanati, shuleni na katika ghala la chama cha ushirika. Huenda wewe mwenyewe umejifunza kuitumia. Huenda mwanao ndiye karani. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya kioo cha kompyuta na afya ya macho.

Fikiri juu ya karani wa ghala. Wakulima wamepanga mstari na magunia yao ya korosho. Mzani unaonyesha kilo 83. Karani anaandika, lakini herufi za kioo chake zina ukungu. Namba 8 na namba 3 zinafanana. Anaandika 33, anatazama, anadhani ni 83. Mkulima amepoteza kilo 50 za jasho lake, na hakuna aliyekusudia kumwibia. Jioni karani anarudi nyumbani macho yakimwasha na kichwa kikimgonga. Anaanza kuogopa kwamba kompyuta inampofusha.

Kompyuta haimpofushi mtu. Kioo chenye ukungu huchosha macho, lakini hakiyaui. Hata hivyo ni lazima ajue ukungu unatoka wapi. Uko kwenye kioo, au uko kwenye jicho?

Jaribio la gazeti

Chukua gazeti hili. Lishike kando ya kioo cha kompyuta, umbali uleule kutoka machoni. Soma herufi za gazeti, kisha soma herufi za kioo zenye ukubwa kama huo.

Kama gazeti linasomeka vizuri na kioo hakisomeki, ubovu uko kwenye kompyuta. Kama vyote viwili vina ukungu, tatizo liko kwenye macho yako. Mwite pia kijana mwenye macho mazuri atazame. Mkiwa wawili mtapata ukweli upesi.

Kama ubovu uko kwenye kompyuta

Fanya mambo haya, moja baada ya jingine:

1. Zima kompyuta. Futa kioo kwa kitambaa laini kikavu. Vumbi na alama za vidole hufifisha herufi. Kama uchafu haukutoka, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi. Usimwagie kioo maji, wala usitumie sabuni ya unga. Sabuni hiyo hukwaruza.

2. Kompyuta ikiwa bado imezimwa, tazama waya unaoleta picha kwenye kioo. Waya wa aina ya zamani una kichwa cha buluu chenye skrubu mbili. Ukilegea, herufi hupata vivuli, au picha hutikisika. Uchomoe, tazama kama sindano zake zimepinda, kisha urudishe na ukaze skrubu kwa vidole. Kama sindano zimepinda, mwite fundi.

3. Tazama jinsi picha ilivyopangwa. Picha ya kompyuta imefumwa kwa vitone vidogo sana, kama mkeka ulivyosukwa kwa miyaa. Kila kioo bapa kina idadi yake ya vitone. Vioo vingi vina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu. Kompyuta ikipangiwa idadi nyingine, vitone havilingani na herufi hupoteza ncha zake. Mwambie anayejua kompyuta airudishe kwenye idadi ya kioo chenyewe. Kama herufi ni ndogo, akuze herufi, asipunguze vitone.

4. Kama ukungu haujaondoka, jaribu waya mwingine, au kioo kingine. Usifungue kioo kwa ndani. Mle mna umeme unaoweza kuua. Kazi hiyo mwachie fundi.

Kaa vizuri

Wakati mwingine kioo ni kizima, lakini mwanga wa dirisha unakipiga usoni. Usiweke kioo kikitazamana na dirisha, wala usikae dirisha likiwa mbele ya macho yako. Dirisha liwe ubavuni. Kioo kiwe mbali kwa urefu wa mkono wako, na sehemu yake ya juu isipite macho yako.

Kumbuka pia kupepesa macho. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akikazia macho kompyuta, husahau kupepesa. Jicho hukauka, huwasha, na kuona kunakuwa na ukungu. Kwa hiyo, kila baada ya dakika 20, inua macho. Tazama mti au nyumba iliyo umbali wa hatua nane au zaidi, kwa sekunde 20. Pepesa macho mara kadhaa. Kisha endelea na kazi.

Kama tatizo liko kwenye macho

Mtu akifika umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Vitu vya mbali anaviona, vya karibu vinafifia. Utamwona akisogeza gazeti mbali, au akimwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano. Huu si ugonjwa wa aibu, wala si kurogwa. Huwapata watu wote. Dawa yake ni miwani, na miwani haiharibu macho.

Lakini jihadhari na jambo moja. Miwani ya kusomea kitabu hupimwa kwa umbali wa kitabu. Kioo cha kompyuta kiko mbali zaidi. Unaweza kuvaa miwani mizuri ya kitabu na bado ukaona ukungu kwenye kompyuta. Kwa hiyo chukua kamba, pima kutoka machoni hadi kwenye kioo, na uikate hapo. Nenda na kamba hiyo kwa mpimaji wa macho. Mwambie, "Kazi yangu iko umbali huu."

Usitie machoni maji ya majani, maziwa, mkojo wala dawa ya jirani. Vitu hivyo vinaweza kutia vidonda kwenye jicho. Mtu anaweza kupofuka kwa dawa wakati alihitaji miwani tu.

Nenda hospitali upesi kama uoni umepungua ghafla, jicho ni jekundu na linauma, au unaona mimweko ya mwanga. Kama uoni unafifia, una kiu sana na unakojoa mara kwa mara, nenda ukapimwe kisukari.

Ndugu msomaji, karani yule akikaza waya wake au akipata miwani yake, mkulima atapata haki ya kilo zake 83. Macho ya mtu mmoja hulinda mavuno ya wengi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Utajuaje kama ukungu uko kwenye kioo au kwenye jicho?
2. Kwa nini upeleke kamba kwa mpimaji wa macho?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayesogeza gazeti mbali ili asome? Mtamsaidiaje?