Mshumaa mkubwa wa glasi si mdogo uliokuzwa

Kutengeneza mshumaa nyumbani si kazi ngumu: nta huyeyushwa, humiminwa kwenye glasi yenye utambi, kisha huachwa igande. Aliyeuweza mdogo hutamani mkubwa, wa kupamba meza ya sherehe au wa kuwaka saa nyingi umeme ukikatika. Hapo hesabu hubadilika. Chombo kikiongezwa mara mbili kwa upana na kwa kimo, nta huongezeka mara nane, ilhali eneo la nje linalotoa joto huongezeka mara nne tu. Joto hukaa ndani kwa muda mrefu zaidi, na glasi ndiyo hulibeba.

Kinachowaka ni mvuke

Joto la mwali huyeyusha nta, nayo hupanda kwenye nyuzi za utambi na kugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaowaka. Mwanasayansi Michael Faraday aliwaonyesha vijana jambo hili jijini London, katika mihadhara ya mwaka 1860 hadi 1861: aliuvuta mvuke kutoka ndani ya mwali kwa mrija wa glasi, kisha akauwasha upande wa pili.

Katika chombo kipana, utambi mmoja huchimba shimo katikati, nta ya pembeni ikabaki ngumu na mwali ukazama. Kwa kawaida, upana ukizidi sentimita 10 hivi huhitajika tambi mbili au zaidi. Lakini zikisongamana, miali hupashana joto. Zikikaribia ukuta, glasi hupasuka. Zipangwe kwa nafasi sawa, mbali na ukuta.

Jikoni

Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzijoto 46 na 68 za Selsiasi, kulingana na aina yake. Ikikaribia 200, mvuke wake unaweza kushika moto. Kwa hiyo nta isiwekwe moja kwa moja juu ya jiko. Iweke kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, maana maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100. Tumia kipimajoto na usiondoke.

Nta ikiwaka, usiimwagie maji. Maji huzama chini yake, huchemka ghafla na kutanuka takriban mara 1,700 yakiwa mvuke, yakarusha nta yenye moto huku na huko. Zima jiko, funika kwa mfuniko wa sufuria, na usiibebe.

Chagua glasi nene inayostahimili joto, isiyo na ufa. Ipashe joto kidogo kabla ya kumimina, kwani upande wa ndani ukitanuka ghafla huku wa nje ukiwa baridi, glasi hupasuka. Nta husinyaa ikipoa na kuacha shimo karibu na utambi. Bakiza kiasi cha kujazia.

Moshi na majeraha

Utambi mrefu hutoa masizi, yanayoweza kumsumbua mwenye pumu. Ukate ubaki milimita 6 kabla ya kuwasha, na chumba kipitishe hewa. Epuka utambi wenye kiini cha risasi, uliopigwa marufuku Marekani mwaka 2003. Nta ikibaki sentimita 1, zima mshumaa, kwa sababu joto sasa linafika moja kwa moja kwenye kitako cha glasi.

Aliyeunguzwa na nta apozwe kwa maji baridi ya bomba, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usiibandue kwa nguvu nta iliyoganda kwenye ngozi, wala usipake dawa ya meno au mafuta. Jeraha kubwa, la usoni, la mikononi au la mtoto lipelekwe hospitali.

Kwa mwanga wa dharura, taa ya sola au ya betri ni salama zaidi. Mshumaa mkubwa ubaki pambo, uwashwe pale tu mtu mzima yupo na yu macho.