Dunia Ikiisha, Nani Atasonga Ugali?

Kwenye kibanda cha video sheria ya kwanza ni moja: steringi hafi. Apigwe risasi, atumbukie mtoni, gari lake libingirike mpaka bondeni, mwisho atainuka na kujipangusa vumbi. Ipo aina moja tu ya sinema isiyoijali sheria hiyo, nayo ni ile ya dunia kwisha. Ugonjwa umefagia miji, au bomu limelipuka, au maiti wamefufuka na kuanza kuwatafuna walio hai, na steringi mwenyewe aweza kuliwa kabla sinema haijafika nusu, watoto wa benchi la mbele wakishuhudia. Hata hivyo kibanda hujaa. Mtafsiri naye, katika ile kazi ya kutafsiri sinema kwa Kiswahili iliyompa jina Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, hapunguzi kitu. Huongeza chumvi yake, na watu hucheka pale walipopaswa kuogopa.

Kwa mtazamaji wa Mwimbi, wilayani Kalambo, kicheko hicho kina sababu ya ziada. Katika sinema nyingi za namna hii, dalili ya kwanza ya kiama ni umeme kukatika. Ya pili, mabomba kukauka. Ya tatu, simu kukosa mtandao. Baada ya hapo manusura, mtu mzima mwenye ndevu, hutumia robo saa nzima akihangaika kuwasha moto. Sumbawanga yenyewe, makao makuu ya mkoa wa Rukwa, kwa miaka mingi imewashiwa taa kwa umeme unaonunuliwa Zambia, na ziko nyumba nyingi za Ufipa, uwanda wa juu wa mkoa huo, ambazo hazijawahi kuwa na swichi ukutani. Anayechota maji kijitoni na kupikia kuni haoni kiama hapo. Anaona mtu ambaye hakufundishwa na mama yake.

Kama si vitisho hivyo, basi kinachomweka mtu kwenye benchi mpaka mwisho ni kitu kingine. Kisikilize kibanda chenyewe: "Usifungue mlango!" "Mwache huyo, ameshaumwa!" Kila mmoja anatoa amri. Kila mmoja amekwisha kujiingiza katika habari na anajiuliza angemficha wapi mtoto, angembeba nani, angemwacha nani. Hadithi za manusura ni mazoezi ya hofu yanayofanyika mahali salama, kwa kiingilio kidogo.

Watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 310 nchini Marekani wakati wa janga la UVIKO-19. Wapenzi wa sinema za kutisha walionyesha msongo mdogo wa mawazo kuliko wengine, na wale waliopenda hasa sinema za mazombi na za dunia kuporomoka walijiona pia wamejiandaa vizuri zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sinema ndiyo iliyowapa moyo. Huenda wenye moyo ndio wanaozipenda sinema hizo. Lakini unaeleza kidogo kwa nini Contagion, sinema ya mwaka 2011 kuhusu virusi vinavyoenea duniani, ilitafutwa upya kwa pupa mwanzoni mwa 2020, wakati ambapo mtu angedhani kila mmoja angependa kutazama vichekesho.

Asidhani mtu kwamba hadithi za dunia kwisha ni uzushi wa Hollywood. Mwingereza Mary Shelley aliandika riwaya ya mtu wa mwisho duniani mwaka 1826, na miaka michache kabla yake, katika pwani yetu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa amekwisha kutunga utenzi wa Al-Inkishafi. Humo anatembea katika majumba ya mji wa Pate yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na vyombo vya Uchina. Sasa madaka yaliyopangwa sahani yamekuwa viota vya ndege, na bundi wanakoroma vyumbani. Mshairi alikuwa anauonya moyo wake, hakuwa anatafuta burudani. Hata hivyo msomaji hubaki ukumbini mle akichungulia kila pembe, na starehe ya kuchungulia magofu ni ileile inayouza sinema leo.

Kiswahili cha karibuni kina chake pia. Euphrase Kezilahabi, katika Mzingile ya mwaka 1991, anatuweka katika ulimwengu ulioteketea, ambamo waliosalia ni wa kuhesabika na jambo kubwa ni jinsi ya kuanza upya. Na kutoka Kenya, Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi Pumzi, ya mwaka 2009. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, iliyokuwa vita ya maji. Watu wanaishi chini ya ulinzi mkali ndani ya majengo yaliyofungwa, wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe tena, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu usiojulikana ulikotoka. Anapanda mbegu humo, inaota. Anatoroka nayo jangwani, anaifukia mchangani, anaimwagia maji yake ya mwisho, kisha anailalia kuikinga na jua. Hana bunduki. Hana hata mtu wa kupigana naye. Mtu aliyezoea manusura wenye silaha huona kama filamu imeisha kabla ya kuanza. Mkulima ataielewa mara moja.

Ufipa haikuhitaji kusubiri sinema ili kumfikiria mtu aliye peke yake duniani. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, aliandika masimulizi ya Ntatakwa, aliyeanguka kutoka mbinguni na kuanzisha utawala wa Milansi. Baadaye walikuja wanawake watatu wageni wakati mtawala yuko mawindoni, nao wakaitwaa nchi. Uwanda huo umepitiwa na mengi ya kweli pia: Wangoni wa Zwangendaba, ambaye alifia Ufipa miaka ya 1840, na sotoka iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890.

Halafu wapo nzige. Chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mbuga za Ziwa Rukwa zinazofurika na kukauka ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Pigo lililoanza mwaka 1930, kutoka Rukwa na kutoka Mweru wa Ntipa nchini Zambia, lilienea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Ikweta na halikukoma mpaka 1944. Mwaka 1949 nchi husika ziliunda huduma ya pamoja ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Kalambo. Mwaka 2009 makundi yalipoanza tena kujikusanya, helikopta zilinyunyiza kuvu wanaoua nzige, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kwamba mazao ya watu milioni 15 yangeweza kuathirika. Hayakuathirika. Ndiyo maana hakuna anayekumbuka.

Hapo ndipo sinema za kiama zinapowapunja watazamaji. Humo anayesalia ni mmoja, na anasalia kwa kuwashinda wenzake. Ufipa ilisalia kwa intumba, yale matuta ya duara yanayofunika nyasi zikaoza, yakapandwa maharage, kisha yakatandazwa kwa ajili ya ulezi. Ilisalia pia kwa maghala, na kwa watu waliokaa mbugani kuhesabu nzige. Ni kazi ya wengi na haina steringi. Lakini mwandishi kijana wa Sumbawanga anayetaka riwaya ya manusura hana haja ya kuazima mazombi. Aanze na mama wa Mwimbi, mwaka 1931, anayeona wingu jekundu juu ya mtama na ana saa moja tu ya kuamua aokoe nini.

Wingu lenyewe bado lina walinzi. Shirika la kudhibiti nzige wekundu, ambalo sasa lina makao Ndola, Zambia, bado linalihesabu bonde la Rukwa miongoni mwa mazalio ya kuchungwa.