Kuhukumu Sauti Itokayo Pande Nne

Mwishoni mwa Oktoba 1997 kundi la The Flaming Lips, wanamuziki wa roki ya majaribio wa mji wa Oklahoma City nchini Marekani, walitoa albamu iitwayo Zaireeka, ambayo nyimbo zake nane zimegawanywa katika diski nne kwa namna isiyo na mfano mwingi: kila wimbo umo katika diski zote, lakini kila diski imechukua fungu lake tu la sauti, hata anayetaka kuusikia wimbo mzima hana budi kupata vyombo vinne, kila kimoja na spika zake, kuvipanga katika pembe za chumba, na kuwaita jamaa watatu ili vidole vinne vibonyeze vitufe vinne kwa pamoja baada ya kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Mhakiki mmoja wa jarida la Pitchfork aliipa albamu hii sifuri katika kumi. Naiona alama hiyo kuwa ni dhuluma, wala sisemi hivyo kwa sababu kazi yenyewe haina kasoro, maana inazo. Bali nasema hivyo kwa kuwa kazi ya namna hii yataka mizani yake yenyewe, na mizani hiyo haipatikani katika ladha peke yake, inapatikana katika ilimu ya sikio.

Wayne Coyne, kiongozi wa kundi hilo, hakulizua jambo hili kwa siku moja. Mwaka 1996 aliwakusanya watu na magari yao katika maegesho, akampa kila dereva kaseti yake, na kwa ishara moja kaseti zote zikaanzishwa katika redio za magari, mahali pote pakafurika sauti zisizokuwa na mbele wala nyuma. Baadaye yeye na mwenzake Steven Drozd walifanya maonyesho ambamo redio kaseti za kubebeka zilipangwa kwa makumi, wao wawili wakiwaongoza wenye kuzishika, huyu apandishe sauti, yule aishushe. Mtu aliyepitia jaribio kama lile la magari alikwisha kusikia kwa masikio yake kwamba mashine mbili haziendi sawa, na kwa hiyo alipoingia studio pamoja na mtayarishaji Dave Fridmann kutengeneza diski nne, alijua kuwa anatunga kwa ajili ya saa zisizopatana. Hilo ndilo jambo ambalo hakimu wa albamu hii hana ruhusa ya kulisahau.

Mchanganyo wa kawaida wa sauti ya mzunguko umejengwa juu ya dhana iliyo kinyume kabisa. Mapendekezo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano huweka spika moja mbele ya uso wa msikilizaji, mbili nyuzi 30 kulia na kushoto kwake, na mbili nyingine ubavuni kuelekea nyuma, kati ya nyuzi 100 na 120, zote zikiwa katika umbali mmoja na mtu aliyeketi katikati. Na chombo kimoja, chenye saa moja, huzigawia zote sauti. Sababu ya uangalifu huu ni wepesi wa sikio lenyewe. Lord Rayleigh wa Uingereza alieleza mwaka 1907 kwamba sauti nene twazitambua zitokako kwa tofauti ya wakati wa kufika katika masikio mawili, na sauti nyembamba twazitambua kwa kivuli cha kichwa, ambacho huzipunguzia nguvu katika sikio la upande wa pili. Tofauti hiyo ya wakati, hata sauti itokapo ubavuni kabisa, haizidi sana milisekunde 0.7, na bado ubongo huipima. Na mbele ya uso mtu huweza kutambua kuwa sauti imesogea kwa kadiri ya digrii moja tu, ilhali ubavuni huhitaji kumi au zaidi. Kwa ajili hiyo mhakiki wa albamu za mzunguko huuliza kama gitaa limekaa mahali pake, kama mwimbaji ametulia katikati, kama kuna kinanda kilichotupwa nyuma ya kisogo bila sababu. Ni maswali ya haki, lakini ukiyaleta mbele ya Zaireeka utayakuta hayana pa kushika, kwani hapana kiti cha katikati kilichopimwa, na hapana saa moja inayotawala.

Kila chombo cha kuchezea diski kina kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetema na kuhesabu wakati, nacho ndicho kinachoamuru sampuli 44,100 zitolewe kila sekunde. Fuwele mbili hazifanani kabisa. Tuseme vyombo viwili vimehitilafiana kwa sehemu 100 katika milioni: baada ya dakika tano kimoja kitakuwa kimekitangulia kingine kwa milisekunde 30. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20, kwa hiyo milisekunde 30 ni sawa na kuichukua spika moja na kuipeleka mita 10 zaidi, ikapita dirishani na kutua uani, ingawa hakuna aliyeinuka kitini. Na hiyo ni hesabu ya mwendo peke yake. Kuna na hitilafu ya mwanzo, kwa kuwa vidole vinne havibonyezi mara moja, na chombo kimoja huchukua muda mrefu kuliko kingine kuizungusha diski mpaka mwali wa leza uipate njia yake. Wasikilizaji waweza kusimamisha vyote baada ya kila wimbo na kuhesabu upya, nao wafanye hivyo, maana wasipofanya deni la wakati hulimbikizana wimbo baada ya wimbo.

Sasa, sikio hulivumilia deni hilo kwa kiasi gani? Mwaka 1949 Helmut Haas katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, na mwaka huo huo Hans Wallach na wenzake nchini Marekani, walionyesha jambo la ajabu: sauti moja ikitoka mahali pawili, na ya pili ikachelewa kidogo, hatuzisikii mbili, twaisikia moja, nayo twaidhani yatoka kule ilikotangulia, hata kama ile iliyochelewa imeizidi nguvu kwa desibeli 10. Muda wa uvumilivu huu hutegemea tabia ya sauti yenyewe. Mlio mkali na mfupi, mathalani pigo la fimbo juu ya ukingo wa ngoma, huvumiliwa kwa milisekunde 5 hivi, na zaidi ya hapo husikika mapigo mawili. Maneno ya mtu huvumiliwa hata milisekunde 30 au 50. Na muziki wa taratibu, wa nyuzi zinazovutwa kwa upole pasipo ncha, huweza kufika 80 kabla ya kupasuka. Mwenye kuelewa daraja hizi tatu amekwisha kupata nusu ya mizani ya kuipimia albamu yetu.

Kabla ya kupasuka huko kuna jambo jingine, nami nakiri kuwa ndilo linalonipendeza kupita yote. Sauti moja ikiwa imewekwa katika diski mbili, na diski zikapishana milisekunde 1, mitetemo 500 kwa sekunde huuana, na 1500, na 2500, na hivyo hivyo kwenda juu, ilhali iliyo baina yake huongezeka nguvu. Na kwa kuwa pengo la wakati hukua polepole wimbo ukiendelea, mashimo hayo nayo hushuka polepole katika sauti, sikio likasikia uvumi unaosogea kama wa ndege inayopita juu ya paa. Wanamuziki wa roki huutafuta uvumi huo kwa mashine na mikono. Hapa hujileta wenyewe, katika nyumba ya msikilizaji, wala hauji mara mbili kwa namna moja.

Walakini vitu vingi katika diski moja si nakala za vilivyomo katika nyingine. Ni sauti nyingine kabisa, na kwazo swali haliwi tena mwangwi, bali huwa mshikamano wa wapigaji. Hapa pia pana kipimo. Rudolf Rasch wa Uholanzi alipima mwaka 1979 wapigaji stadi wakicheza watatu watatu, akaona kwamba noti tunazozisikia kuwa zimeanza pamoja hupishana kwa kawaida kwa milisekunde 30 hadi 50, na hakuna asikilizaye anayelalamika. Maana yake ni kwamba hitilafu ya fuwele, maadamu mwanzo ulikuwa mzuri, humfikisha msikilizaji pale pale walipo wanadamu wapigao pamoja, na mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Kiharibucho ni vidole vya mwanzo, viwezavyo kuacha pengo la moja ya kumi ya sekunde na zaidi kabla ya noti ya kwanza kusikika.

Basi swali la insafu, kwa maoni yangu, ni hili: mtungaji, akijua kwamba diski zitapishana, amezigawa vipi sauti zake? Sauti yenye ncha, iliyofungamana na wakati, ameihifadhi mahali pamoja au ameitawanya? Na zile zisizokuwa na ncha amezipa uhuru wa kuelea?

Katika wimbo wa saba, "March of the Rotten Vegetables", usiokuwa na maneno, ngoma za Drozd ndizo nguzo, nazo husikika zikitoka upande zaidi ya mmoja. Ujasiri wake nausifu, mchanganyo wake siusifu. Ngoma ni sauti iliyo katika daraja ya chini kabisa ya uvumilivu, na kuikabidhi kwa saa nne zisizopatana ni kumtwika msikilizaji kazi asiyoiweza: mwanzo ukiwa mzuri kupita kiasi, gwaride hutembea chumbani kwa fahari, mwanzo ukiwa wa kawaida, huwa ugomvi tangu pigo la pili, na kila mtu humtazama mwenzake akitaka kujua ni nani aliyechelewesha kidole.

Wimbo wa sita, "How Will We Know? (Futuristic Crashendos)", ni habari nyingine. Umetiwa sauti nyembamba mno na nene mno ambazo hazizoeleki katika albamu za biashara, na jalada limeonya kuwa zaweza kumkanganya msikilizaji. Onyo hilo lina msingi. Wimbi la mitetemo 10,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 3.4 tu, kwa hiyo kuinamisha kichwa kidogo kwatosha kuibadilisha sauti iingiayo sikioni, ikaonekana kuruka kutoka pembe hata pembe; na wimbi la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko vyumba vingi, nalo hujaa nyumba bila kuonyesha litokako, kwa nguvu hapa, kwa udhaifu hatua mbili kando. Jambo la busara ni kwamba milio mirefu ya namna hii haina mwanzo mkali wa kulinganishwa na mwingine, na kwa hiyo kupishana kwa diski hakuidhuru kitu. Mtungaji amechagua sauti zinazoafikiana na udhaifu wa vyombo vyake.

Nao wimbo wa nane, "The Big Ol' Bug Is the New Baby Now", naufikiria kuwa ndio hoja ya albamu nzima. Mwishoni mwake mbwa hubweka kutoka pande zote, mmoja karibu na mlango, mwingine nyuma ya kiti, wengine wakiitikia kutoka pembe ambayo mtu alikuwa amekwisha kuisahau. Colin Cherry alionyesha mwaka 1953 jinsi mtu anavyoweza kuifuata kauli moja katikati ya kauli nyingi, na maarifa yaliyomfuata yamethibitisha kuwa kutengana kwa mahali ni msaada mkubwa katika jambo hilo: sauti zilizorundikwa mahali pamoja hufichana, zikitengwa hufunuliwa. Mbwa waliotiwa katika spika mbili wangekuwa kelele moja. Katika pembe nne kila mmoja ana mwili wake. Na kwa kuwa mbwa hawabweki kwa mizani, hakuna mpangilio wao ulio wa makosa. Diski itangulie nusu sekunde au ichelewe, kundi la mbwa litabaki kundi la mbwa.

Hakimu azingatie pia kwamba nguvu za sauti hazikupimwa na studio peke yake. Vyombo vinne katika nyumba ya kawaida havilingani: kimoja kina spika za sebuleni, kingine ni redio ndogo iliyoazimwa kwa jirani, na mtu husimama katikati ya wimbo akaenda kuipunguza ile ya pembe ya kushoto kwa sababu imemfunika mwimbaji. Kufanya hivyo si kuingilia kazi ya mwingine. Uchanganyaji umeachwa makusudi haujakwisha, na atakayetoa hukumu baada ya kusikiliza mara moja, kwa kikao kimoja na mpangilio mmoja, atakuwa amehukumu nyumba yake kuliko albamu.

Wako siku hizi wanaoziunganisha diski nne ndani ya kompyuta na kuzisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, wakipata ulinganifu kamili na kupoteza mahali; hawa wameisikia picha ya kazi, nami nisingependa hukumu zao zihesabiwe. Upande wa pili kuna toleo la mwaka 2013 la santuri nne za sindano, na hapa mtihani ni mkali zaidi, kwani meza ya kuzungushia santuri ikikosea mwendo kwa sehemu 1 tu katika 1000, dakika tano zatosha kuzaa pengo la milisekunde 300. Kwa diski ningeuweka wimbo wa nane juu ya zote, wa sita chini yake kidogo, wa saba mwisho. Kwa santuri ningeuweka vivyo hivyo, ila wa saba nisingeshauri upigwe.