Kamera ya okazio kwa watoto wa mtaa: uliza chaja kwanza

Kikundi kinachotaka kununua kamera moja watoto waazime kwa zamu hakihitaji mpya. Canon EOS 1100D ya mwaka 2011 ingali inatosha: megapikseli 12, kadi ya SD ya kawaida. Ukiona imeandikwa Rebel T3 au Kiss X50, ni ileile.

Muuzaji atasifu lensi. Wewe uliza betri, LP-E10, pamoja na chaja yake. Kamera hii haichajiwi kwa waya wa simu; bila chaja umenunua pambo.

Lililo zito zaidi ni usalama. Huku mashariki mwa Congo, mtoto aambiwe wazi kabla ya kutoka nayo: wanajeshi, vizuizi vya barabarani na uwanja wa ndege hapigi picha, hata kwa mchezo. Na mzazi atie sahihi kwenye daftari.