Degedege usiku wa manane: Je, mmekubaliana?

NANI asiyependa kumpeleka mtoto kwa bibi? Kwa sisi tunaohangaika na ofisi na foleni za Dar, wiki mbili za mtoto Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini ya mji wa Bagamoyo, ni raha kwa wote. Lakini je, wewe na mwenzi wako mmeshakaa na bibi mkazungumza? Mtoto akipandwa na homa usiku, macho yakageuka na mwili ukakakamaa, itakuwaje?

Hapo ndipo ndoa hupimwa. Baba anatafuta gari, mama anamsikiliza mama yake, bibi keshamtuma mtu kwa mganga. Na saa inakwenda!

Usimdharau bibi

Mwaka 1996 watafiti walichapisha waliyoyasikia kwa akina mama wa wilaya ya Bagamoyo. Wengi walisema homa ya malaria ni ya hospitali, ila degedege ni jambo jingine, la shetani anayekuja kwa umbo la ndege. Hivyo mtoto alianza kwa mganga, na sindano iliogopwa ikidhaniwa inaua.

Ukitafakari, woga huo una chanzo. Mtoto aliyecheleweshwa akifia hospitali baada ya kuchomwa sindano, lawama huiangukia sindano. Kumbe kilichoua ni kuchelewa. Mweleze mama mkwe hivyo, kwa heshima, na atakuelewa kuliko ukimwita mshirikina.

Ukweli wenyewe

Homa yoyote inaweza kuleta degedege kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mara nyingi hukoma yenyewe ndani ya dakika chache bila kuacha madhara. Tatizo ni kwamba malaria iliyopanda kichwani nayo huja hivyohivyo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Lazima apimwe.

Fanyeni hivi

* Mlaze kwa ubavu, mbali na moto na vitu vigumu. Mlegezee nguo.
* Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote, hata dawa.
* Tazama saa. Zikipita dakika 5, au asipozinduka vizuri, hiyo ni dharura kubwa.
* Hata akitulia, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo. Msingoje kukuche.

Dawa je?

Mwaka 2006 Tanzania iliamua kuachana na SP kama tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida na kuleta dawa mseto, ALu: siku 3, dozi 6, unamaliza hata homa ikishuka. Lakini usimtibu kwa vidonge nyumbani mtoto aliyepata degedege. Hiyo ni dalili ya hatari, na malaria ikiwa kali anahitaji sindano ya artesunate, kisha amalizie na dawa mseto. Sindano inayoogopwa ndiyo inayookoa.

Basi kabla ya kufunga begi la likizo, kubalianeni watatu: nani anaamua wazazi wakiwa mbali, bodaboda au gari la nani litaitwa, na nauli imewekwa wapi. Bibi apewe ruhusa mapema ya kuondoka na mtoto bila kusubiri simu yenu. Na chandarua chenye dawa kiingie kwenye begi, jamani!