Kompyuta moja, barua pepe za nyumba nzima: mzazi, uchague programu ipi?

KATIKA nyumba nyingi za Lemara kompyuta ni moja, lakini kazi zake ni nyingi. Asubuhi mama anamjibu mgeni wa Ujerumani anayeuliza bei ya safari ya Serengeti. Mchana baba anasubiri ankara kutoka Nairobi. Jioni kijana aliyemaliza kidato cha sita anatuma maombi ya chuo. Barua moja ikipotea, au ikienda bila vyeti, hasara ni ya familia nzima.

Wazazi wengi husoma barua pepe kwenye simu na kuishia hapo. Simu inatosha kusoma. Lakini kupanga viambatisho, kutafuta barua ya mwaka juzi au kuendesha anwani tatu kwa pamoja ni rahisi zaidi kwenye kompyuta yenye programu maalumu ya barua pepe.

Kwenye Windows, majina makubwa ni Outlook ya Microsoft na Thunderbird, iliyoanzia Mozilla. Ile programu ndogo ya Mail iliyokuja na Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia Desemba 31, 2024, na watumiaji wake wakaelekezwa kwenye Outlook mpya. Kwa hiyo leo kuna Outlook mbili: ya zamani, inayokuja na Office ya kulipia, na mpya, ambayo ni ya bure.

Ipi ni rahisi kutumia?

Kwa anayeanza, Outlook mpya ndiyo nyepesi. Unaweka anwani na nenosiri, kazi inaanza. Gharama yake ni matangazo kwa asiyelipia. Jambo jingine ni kwamba ukiingiza anwani isiyo ya Microsoft, kama ya Gmail au ya kampuni yako inayoishia na co.tz, nakala za barua zako huhifadhiwa pia kwenye seva za Microsoft. Anayepokea pasipoti za wageni alijue hilo kabla.

Outlook ya zamani ina vitufe vingi na huchosha macho, ila aliyeizoea ofisini hataki kuiacha. Thunderbird ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2004. Itakuchukua siku chache kuizoea, lakini inakusanya anwani za kampuni tofauti mahali pamoja, hata barua zote mpya zikaonekana kwenye orodha moja.

Bando linapokuwa dogo

Hapa ndipo mambo yaliyojificha yanapoleta faida. Thunderbird, kwenye mipangilio ya akaunti, ina sehemu ya kuiambia isipakue barua inayozidi ukubwa fulani. Mgeni akituma picha 20 za tembo, utaona kichwa cha barua kwanza, kisha uamue kama uzipakue.

Thunderbird na Outlook ya zamani pia huzuia picha zinazovutwa kutoka mtandaoni hadi utakapoziruhusu. Unaokoa bando, na mtuma matangazo hapati ishara kwamba umefungua barua yake.

Zote mbili zina kitufe cha “Work Offline”. Ukiwa huna intaneti, utasoma barua zilizokwisha kupakuliwa na kuandika majibu. Majibu hayo hukaa kwenye kikasha cha kutoka, na huondoka ukirudi mtandaoni.

Barua iliyoondoka bila cheti

Thunderbird huangalia maneno ya barua yako. Ukitaja kiambatisho bila kukiweka, inakukumbusha. Tatizo ni kwamba maneno inayoyafahamu mwanzoni ni ya Kiingereza. Ingia kwenye mipangilio ya uandishi, uongeze yako: “nimeambatisha”, “kiambatisho”, “cheti”. Ni kazi ya dakika mbili, na inaweza kumwokoa kijana siku ya mwisho ya maombi. Outlook nayo ina ukumbusho wa aina hiyo.

Kwa anayejuta baada ya kubonyeza, Outlook mpya inakuruhusu kuzuia barua isiondoke kwa hadi sekunde 10. Ya zamani ni bora zaidi hapa: unaweza kuiwekea kanuni ya kuchelewesha kila barua kwa dakika chache, hata hadi 120. Kwenye Thunderbird, bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Barua itakaa kwenye kikasha cha kutoka mpaka uiamuru iondoke.

Barua zinakaa wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko sura ya programu. Wakati wa kuweka anwani utakutana na maneno mawili: POP na IMAP. POP huleta barua kwenye kompyuta yako, na kutegemea ilivyopangwa, huzifuta kwenye seva. Kompyuta ikiibwa au diski ikifa, barua zimekwenda nayo. IMAP huziacha kwenye seva, na simu na kompyuta vikaona kitu kilekile. Kwa familia, chagua IMAP.

Hata hivyo, barua ikifutwa kwenye simu, kwenye kompyuta nayo hutoweka. Kwa hiyo vyeti, barua za udahili na mikataba uvihifadhi pia kwenye folda ya kawaida, na nakala kwenye flashi.

Watoto na kompyuta ya pamoja

Thunderbird inaweza kulinda manenosiri iliyoyahifadhi kwa nenosiri kuu moja. Lakini barua zilizokwisha kupakuliwa, mwingine anayetumia akaunti hiyohiyo ya Windows bado anaweza kuzifikia. Dawa ni kumfungulia kila mmoja akaunti yake ya Windows.

Kijana anayeomba chuo apewe anwani yake mwenyewe, na namba ya simu ya kurejesha nenosiri iwe ile isiyobadilishwabadilishwa. Anwani ya mzazi isitumike kwa maombi ya watoto watatu, majibu yatachanganyikana.

Kwa nyumba yenye anwani nyingi na bando dogo, Thunderbird inafaa zaidi. Anayelipiwa Office na mwajiri abaki na Outlook ya zamani. Mwenye intaneti ya uhakika na anwani moja, Outlook mpya inamtosha. Yoyote utakayoichagua, mwisho wa wiki hii ifungue mipangilio, uangalie kama anwani yako iko kwenye POP au IMAP. Ikiwa ni POP, nakili kwanza barua zako zote kabla hujagusa kitu kingine.