"Ngoja Nimalize Misheni": Roketi ya Sebuleni Ruiru na Bahari ya Ngomeni

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioitoka Pwani wakahamia Ruiru na Thika kwa ajili ya kazi, biashara au masomo ya watoto, kuna jibu moja ambalo akina mama wamelizoea magharibi inapoingia. Mama huita mara ya kwanza, huita mara ya pili, na sauti hutoka chumbani: "Ngoja kidogo, mama, nimalize misheni." Maji ya udhu yanapoa, mswala umekwishatandikwa, na yule mtoto macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta. Wazazi kadhaa wametuuliza tuandike juu ya jambo hili, na wengi wao wamelileta swali wakiwa tayari na hukumu mkononi: michezo hii yote ni laghwi, ifungiwe kabatini.

Sisi tuliona ni vyema tuulize kwanza swali ambalo mzazi yeyote angeliuliza lau mwanawe angeitwa kazi na mtu asiyemjua. Misheni hiyo ni ipi? Aliyeitoa ni nani? Ina mwisho au haina?

Majibu hayalingani kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Iko michezo ambayo misheni zake ni mnyororo usiokatika. Mtoto humaliza moja, akafunguliwa nyingine kabla hajavuta pumzi, na baina yake huwekwa kijisanduku cha bahati nasibu kinachofunguliwa kwa fedha, bila ya mnunuzi kujua atapata nini ndani. Hilo halihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wetu. Mwenye kulipa fedha za kweli kwa jambo lisilojulikana ameukaribia mlango wa kamari, na mtoto aliyefunzwa ladha hiyo akiwa na miaka kumi hatashangaza watu atakapokutwa kwenye mashine za kamari akiwa na ishirini.

Lakini mchezo tulioukuta Ruiru ulikuwa wa namna nyingine. Jina lake ni Kerbal Space Program. Ulitungwa na kampuni ya Squad ya jijini Mexico City, ukatolewa kwa umma mara ya kwanza Juni 2011, na ukakamilika Aprili 2015. Mchezaji hupewa karakana, vipande vya roketi, matangi ya mafuta na injini, kisha huachiwa aunde chombo chake na kukirusha. Mwaka 2018 uliongezewa misheni za hadithi, zilizotungwa kwa kuigiza safari za kwanza za anga za juu: kuirusha setilaiti, kumpeleka mtu, kuufikia mwezi na kurudi salama. Kila misheni ina masharti yake na ina tamati. Hakuna adui wa kuuawa. Adui pekee ni hesabu, na yeye hahongeki.

Nyumba tuliyokaribishwa ni ya familia ya asili ya Malindi, inayoishi Ruiru mwaka wa sita sasa. Baba hutoka alfajiri na kurudi usiku, mama husomesha watoto wadogo Qur'ani nyumbani, na kompyuta yenyewe ni ya mtumba, iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi za shule. Wachezaji ni wawili: kaka wa kidato cha tatu na dada yake wa gredi ya tisa. Rasmi kompyuta ni ya wote. Kwa mazoea kaka ndiye anayekaa kitini, dada husimama nyuma yake.

Misheni ya siku hiyo ilikuwa kuiweka setilaiti katika njia ya kuizunguka sayari. Kaka alirusha roketi mara nne tukiangalia. Mara ya kwanza alipanda moja kwa moja juu, akaenda juu sana hata tukadhani amefaulu, kisha mafuta yakaisha na chombo kikarudi kilikotoka. Hapo ndipo penye somo ambalo watu wazima wengi hawakulipata shuleni, nasi hatuoni haya kulieleza. Kupanda juu hakutoshi. Setilaiti haielei kwa sababu imefika mahali pasipo na uzito. Uzito wa dunia uko nayo muda wote. Setilaiti inaanguka daima, ila mwendo wake wa kwenda mbele ni mkubwa mno hata ardhi, kwa kuwa ni ya mviringo, inapinda chini yake kwa kadiri ileile inayoanguka. Kwa dunia yetu mwendo huo ni karibu kilomita nane kwa kila sekunde. Sayari ya mchezo ni ndogo, nusu kipenyo chake kilomita 600 tu, kwa hiyo hutosha kilomita mbili na ushei. Basi roketi lazima ilale ubavu, itumie sehemu kubwa ya mafuta yake kukimbia mbele.

Mara ya pili na ya tatu kaka aliilaza roketi, lakini aliilaza kuelekea nchi kavu, kwa kuwa aliogopa kuiangusha baharini. Mafuta yakaisha kabla ya mwendo kutimia. Alikuwa tayari kuongeza tangi la tatu, na kuongeza tangi ni kuongeza uzito, na kuongeza uzito ni kutaka injini kubwa zaidi. Ndiyo mtego wa kazi hii yote.

Nyanya yao alikuwa amekuja kutoka Pwani kuwatembelea. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele, na tulidhani hana habari nao. Akasema, bila ya kuinua macho: "Babangu, mbona waielekeza bara? Sisi kwetu zile zilikuwa zikienda baharini, upande wa matlai."

Dada ndiye aliyelikamata neno. Kituo cha kurushia roketi katika mchezo huu kiko karibu kabisa na ikweta, ukingoni mwa pwani, na bahari iko mashariki yake. Sayari hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Chombo kilichosimama pale ikweta tayari kimo mwendoni pamoja na ardhi, hata kabla ya injini kuwaka. Kikielekea mashariki hupewa mwendo huo bure, na kikielekea magharibi hulazimika kuulipa. Alichukua daftari la kaka yake, akatoa na kujumlisha, na akamwambia tangi la tatu halina haja. Kaka hakufurahi, lakini aliondoka kitini. Roketi ya nne, ikiwa na matangi mawili na pua yake kuelekea bahari ya bandia, ilizunguka sayari.

Nyanya alikuwa anasema kweli. Alipokuwa msichana aliuona moshi mweupe juu ya bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na wala hakuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kuwasimulia wajukuu.

Wasomaji wetu wa Malindi na Mambrui wanayajua majukwaa yale ya chuma yaliyosimamishwa kwa miguu baharini. Waitaliano, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio, waliyaweka pale katika miaka ya sitini kwa sababu ileile aliyoigundua binti wa Ruiru: mahali hapo ni karibu digrii tatu tu kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Ardhi ya ikweta hukimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa, na kila roketi iliyotoka Ngomeni ilipokea sadaka hiyo. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la San Marco ilipanda Aprili 1967, na ya mwisho Machi 1988. Kwa jumla zilikuwa tisa.

Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Msimamizi wa mradi huo upande wa shirika la NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na ndiye aliyeipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuiheshimu siku na nchi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuitazama mbingu kwa miale ya eksirei. Kabla yake vyanzo vya miale hiyo vilivyojulikana vilikuwa vichache. Orodha iliyotokana nayo ilifikia 339. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote vinalo neno hilo letu, Uhuru, na watoto wa Pwani wanakua bila ya kuambiwa kwa nini.

Tulimsimulia binti habari ya Marjorie Townsend. Aliuliza swali moja tu: "Alisomea nini?" Alisomea uhandisi wa umeme.

Turudi kwenye adhana, maana ndiyo iliyotuleta. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na malalamiko yaleyale ya wenziwe, kwamba mchezo ukianza hausimamishiki. Hapa wazazi wanadanganywa, na ni haki yao kujua. Michezo inayochezwa na watu wengi pamoja kwa njia ya intaneti kweli haisimami; mtu akiondoka wenzake wanaendelea na yeye anashindwa. Mchezo huu wa roketi huchezwa na mtu peke yake. Kitufe kimoja huusimamisha palepale, chombo kikabaki hewani kama kilivyo, na kitufe kingine huihifadhi safari yote ili iendelee baada ya swala, au kesho, au baada ya mitihani. Tuliliangalia hilo kwa macho yetu magharibi ilipoadhiniwa. Kijana aliona aibu kidogo, kwa kuwa mama yake naye alikuwa akiangalia.

Wala hakuna udhuru wa kutafuta huko juu kwenyewe. Oktoba 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu katika siku za mwisho za Ramadhani. Kituo hicho huizunguka dunia kama mara 16 katika saa 24, kwa hivyo jua huchomoza na kutua hapo mara nyingi kwa siku moja. Wanazuoni wa nchi yake walikaa wakaandika mwongozo: nyakati za swala zifuate saa za mahali roketi iliporushwa, kibla kielekewe kwa kadiri ya uwezo, na asiyeweza kusimama aswali kwa namna anayoweza. Ikiwa mtu anayepita juu ya mabara kwa kasi ile aliwekewa nyakati zake tano, aliyeko sebuleni Ruiru, umbali wa hatua chache kutoka bombani, hoja yake ni dhaifu.

Thika tulikuta mambo tofauti, nasi hatutayaficha. Katika vibanda vya michezo ya video tulivyovipitia mjini, muda unauzwa kwa dakika au kwa mechi. Mtoto mwenye shilingi chache hawezi kuunda roketi kwa dakika kumi, kwa hiyo kinachochezwa ni kandanda, kelele ni nyingi, na mahali pamoja mashine ya kamari ilisimama pembeni, hatua tatu kutoka kwa watoto waliovaa sare za shule. Mchezo unaofundisha subira hauna soko mahali ambapo subira inatozwa fedha. Mzazi anayemfukuza mwanawe kwenye kompyuta ya nyumbani na aangalie basi anamfukuzia wapi.

Baina ya Ruiru na Thika, kando ya barabara kuu, uko mji wa Juja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Humo wanafunzi wana mradi wao wa roketi unaoitwa Nakuja, na wamekwisha kuunda na kurusha roketi ndogo za majaribio. Familia ya Ruiru ilikuwa ikilipita lango la chuo hicho kila walipokwenda kuwazuru jamaa Thika, bila ya kulijua hilo. Nchi yetu nayo ilipata setilaiti yake, Taifa-1, iliyopanda asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023 kwa saa zetu, katika Ramadhani. Ilirushwa kutoka California kwa roketi ya kampuni ya Marekani, kwa sababu tangu 1988 hakuna kilichopanda kutoka Ngomeni.

Yule binti wa gredi ya tisa anatakiwa mwaka huu achague mkondo wake wa sekondari ya juu: sayansi na uhandisi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi walikuwa wamekwishaafikiana juu ya masomo ya jamii, kwa kuona kuwa ndiyo yanayomfaa msichana, na kaka yake ndiye angepelekwa uhandisi. Tulipokuwa tukiaga, mama alimtuma akalete lile daftari la hesabu za roketi. Aliliweka juu ya meza, mahali ambapo baba hula chakula chake cha usiku.